Ndege ya kasi hujengwa na watu wasio na haraka

Mwezi uliopita nilikaa kwenye viti vya chuma vya uwanja wa Julius Nyerere, Dar es Salaam, nikisubiri ndege ya kwenda Mwanza. Ilikuwa iondoke saa moja na nusu asubuhi. Saa mbili likaja tangazo: safari imechelewa kwa sababu za kiufundi, tunaomba radhi kwa usumbufu. Saa tatu likaja lile lile, kwa sauti ile ile na radhi ile ile. Mama mmoja aliyekuwa na boksi lililofungwa kwa kamba ya manila akasonya. "Si waseme tu imeharibika."

Jamaa wa kushoto kwangu alikuwa anaangalia video kwenye simu, sauti juu, kama ilivyo desturi yetu. Akanigeuzia kioo. Ndege nyeupe, nyembamba, pua imechongoka kama chuchunge, inapaa juu ya jangwa.

"Ona wenzetu," akasema. "Wanapita sauti. Sisi hata ya Mwanza haitoki."

Nilicheka, maana kweli inachekesha. Kutoka Dar hadi Mwanza, kwa mstari ulionyooka, ni kilomita 850 hivi. Ndege ile ya kwenye simu imekusudiwa kufikia kilomita 1,490 kwa saa. Ingetufikisha kabla mtu hajafika Mbezi kutoka uwanjani kwa daladala jioni ya Ijumaa. Lakini kauli ya yule jamaa ilinikaa kichwani safari nzima, kwa sababu hao wenzetu anaowasifu wamesubiri kuliko yeye, na kusubiri kwao ndiko hasa kunakostahili sifa.

Ndege yenyewe inaitwa X-59. Imetengenezwa na kampuni ya Lockheed Martin kwa ajili ya NASA, shirika la anga la Marekani. Kandarasi ilitolewa mwaka 2018, na matarajio yalikuwa iruke mwaka 2021. Iliruka tarehe 28 Oktoba 2025. Na iliporuka, chombo hiki kilichobuniwa kupita kasi ya sauti kilisafiri kutoka Palmdale hadi Edwards, viwanja viwili vilivyo jirani huko California, kwa mwendo wa chini kabisa ya kasi ya sauti, magurudumu yakiwa nje njia nzima. Miaka saba ya kazi, halafu siku ya kwanza unatembea kama bibi harusi.

Kazi yake nayo si ya kushindana mbio. Ndege inapokwenda kasi kuliko sauti, mawimbi ya hewa inayoyasukuma hayapati nafasi ya kuitangulia. Yanarundikana, na kwa mtu aliye chini rundo hilo linafika kama mlipuko: madirisha yanatikisika, kuku wanatawanyika, mtoto aliyelala anashtuka. Kwa sababu hiyo Marekani ilipiga marufuku ndege za kiraia kupita kasi ya sauti juu ya nchi kavu mwaka 1973, na Concorde, ndege ya abiria iliyopita kasi ya sauti, ikabaki kukimbia juu ya bahari. X-59 imechongwa ili mawimbi yasirundikane pamoja. Pua ndefu na injini iliyopandishwa mgongoni zinayatawanya, ili mlipuko ugeuke kishindo kidogo, kama mlango wa gari la jirani unapofungwa. Pua hiyo imekuwa ndefu kiasi kwamba rubani hana dirisha la mbele. Mbele yake kuna skrini inayoonyesha picha ya kamera. Fikiria kuendesha lori la Tunduma ukiwa umezibiwa kioo cha mbele, unaangalia televisheni. Hapo utaelewa kwa nini siku ya kwanza hawakukunja hata magurudumu.

Kampuni ya Boom nayo ilikuwa na ndege ndogo ya majaribio, XB-1. Iliruka mara ya kwanza tarehe 22 Machi 2024, ikafikia kilomita 440 kwa saa hivi, ikatua. Ilivuka kasi ya sauti tarehe 28 Januari 2025, ikiwa safari yake ya 12. Miezi kumi, safari kumi na mbili, kila moja ikiongeza kidogo juu ya ile iliyotangulia, na kila baada ya kutua wahandisi wanakaa na namba. Namba zikikataa, kesho hakuna kuruka.

Kiswahili kina maneno mawili hapa, kasi na haraka, na mazungumzo yetu ya kila siku yameyafanya pacha. Wahenga hawakuyachanganya. Waliosema haraka haraka haina baraka hawakusema kasi haina baraka. Mshale una kasi. Haraka anayo yule anayeufyatua kabla hajalenga.

Tumelichanganya hili mpaka kwenye taarifa za ajali. Basi likipinduka Kibaha, kabla majeruhi hawajafika hospitali tunaambiwa chanzo ni mwendokasi na uzembe wa dereva. Ni kama muhuri wa mpira unaokaa mezani tayari. (Halafu neno hilo hilo, mwendokasi, tukawapa mabasi yetu ya jiji, ambayo abiria wa Kimara atakuambia yanastahili jina jingine.) Mara nyingi mwendokasi huwa umehusika kweli. Lakini ukishasema hivyo umefunga faili. Hakuna atakayeuliza breki zilikaguliwa lini, wala dereva alikuwa ameamka saa ngapi, wala nani alimwambia awahi.

Chukua Concorde, ambayo kwa watu wengi ndiyo ushahidi kwamba binadamu asijaribu kukimbizana na sauti. Ilianza kubeba abiria Januari 1976, ikasafiri kwa mara mbili ya kasi ya sauti, na kwa zaidi ya miaka 24 haikuua abiria hata mmoja. Tarehe 25 Julai 2000, Concorde ya Air France ilikuwa inakimbia ardhini ili ipae kutoka Paris. Tairi lake likakanyaga ukanda wa titani wenye urefu wa sentimita 43 hivi, uliodondoka kutoka kwenye ndege nyingine, DC-10, iliyopaa dakika chache kabla. Tairi likapasuka. Bonge la mpira likaruka na kugonga bawa kwa chini, tangi la mafuta likapasuka, moto ukawaka. Walikufa watu 109 waliokuwamo ndani na wanne chini, kwenye hoteli ya Gonesse. Ndege yenye kasi kuliko zote zilizokuwa zikibeba abiria wakati huo ilikufa ikiwa haijafikia hata mwendo ambao ATR, ndege ndogo ya mapanga, huwa nao ikiwa angani.

Mtu wa Afrika Mashariki akiisoma habari hiyo anapaswa kushtuka, maana sisi tuliishaiona. Tarehe 18 Aprili 1972, Super VC10 ya East African Airways, shirika lililokuwa la Tanzania, Kenya na Uganda kwa pamoja, ilikuwa inakimbia ipae kutoka Addis Ababa. Gurudumu la mbele likakanyaga kipande cha chuma kilichodondoka kutoka kwenye ndege ndogo, kile kinachowekwa mahali pa kupigia jeki. Tairi likapasuka. Rubani akaamua kusimama. Breki hazikushika inavyotakiwa, kwa sababu baadhi zilikuwa zimefungwa vibaya wakati wa matengenezo. Ndege ikapitiliza mwisho wa njia na kuporomoka. Kati ya watu 107, 43 walikufa.

Kipande cha chuma Addis, kipande cha titani Paris, miaka 28 katikati. Ndiyo maana viwanja vya ndege vina watu ambao kazi yao ni kukagua njia ya kurukia na kuokota: msumari, jiwe, kifuniko cha chupa. Asubuhi ile ile ya Mwanza nilimwona mmoja kupitia kioo. Fulana ya njano inayong'aa, anatembea pembeni ya maegesho ya ndege. Akasimama, akainama, akaokota kitu ambacho kutoka nilipokaa hakikuonekana kabisa, akakigeuzageuza kwenye kiganja, akakitia kwenye kimfuko kilichoning'inia kiunoni. Abiria walikuwa wanalalamikia kuchelewa. Hakuna aliyemtazama.

Kuna sehemu ya habari ya Concorde inayonisumbua kuliko ule ukanda wenyewe. Ripoti ya wachunguzi wa Ufaransa ilihesabu visa 57 vya matairi ya Concorde kupasuka au kuisha upepo kabla ya siku ile. Mwaka 1979, huko Washington, vipande vya tairi vilitoboa hadi matangi ya mafuta, ndege ikarudi salama. Marekebisho yalifanyika, lakini tangi lenyewe halikuvishwa kinga mpaka watu 113 walipokufa. Tairi lilipasuka, tukatua. Likapasuka tena, tukatua tena. Kila mara waliporudi salama, kurudi huko kukahesabiwa kama ushahidi kwamba tatizo linavumilika.

Sisi tunalo neno la hali hiyo, na halihitaji mtaalamu wa kulitafsiri: mazoea. Juzi nilipanda bodaboda kutoka Kiwalani. Tulipofika kwenye mteremko nikaona kijana anakanyaga tu, mkono wa breki ya mbele hana habari nao. Nikamuuliza. "Hiyo imekufa tangu Ramadhani, kaka. Nimeshaizoea." Alisema kwa upole kabisa, kama mtu anayenituliza. Wakubwa wa NASA nao, mwaka 1986, walikuwa wameshaona mipira ya kuziba maungio ya roketi za vyombo vyao vya anga ikirudi imeliwa na moto safari baada ya safari. Wahandisi wa kiwanda walionya usiku wa kuamkia safari ya chombo kiitwacho Challenger kwamba baridi itaiharibu zaidi. Mabosi wakasema twende, na Challenger ikasambaratika angani. Kati ya kijana wangu wa Kiwalani na wale wenye shahada zao sioni tofauti kubwa, ila bajeti.

Sitaki kuwafanya marubani wa majaribio watakatifu. Chuck Yeager, mtu wa kwanza kuthibitishwa kuvuka kasi ya sauti katika safari iliyo sawa, tarehe 14 Oktoba 1947, alikuwa amevunjika mbavu siku mbili kabla kwa kuanguka na farasi. Akawaficha wakubwa wake. Alimwambia rafiki yake mhandisi, na kwa kuwa hakuweza kunyoosha mkono kufunga mlango wa ndege, yule akamkatia kipande cha mpini wa fagio cha kusukumia komeo. Dunia inaisimulia habari hii kama ushujaa. Mimi naisoma kama hitilafu iliyofichwa, ila tu siku hiyo haikudai malipo. Kilichofanya ndege yake, Bell X-1, ifanikiwe kilikuwa kingine: walifika pale kwa hatua, na safari ya tarehe 14 ilikuwa ya tisa kwa kuwasha roketi. Katika mojawapo ya zile za kabla, karibu na kasi ya sauti, usukani uliacha kuitikia. Walisimama, wakachunguza, wakagundua kwamba mawimbi ya hewa yanalinyima kazi bapa la kusukumia kwenye mkia, wakaanza kugeuza bawa zima la mkia. Mwaka mmoja kabla, Geoffrey de Havilland kijana alikuwa amekufa huko Uingereza kwenye DH 108, ndege iliyokatika vipande ikiwa inakaribia mpaka huo huo.

Lakini watu hao wanapokufa, angalia kinachofuata. Tarehe 15 Novemba 1967 Michael Adams alikufa kwenye X-15, ndege ya roketi ambayo pacha wake mwezi mmoja hivi kabla alikuwa amefikia karibu mara saba ya kasi ya sauti. Akiwa juu kabisa, hitilafu ya umeme ilivuruga mitambo, yeye akasoma kipimo kimoja akidhani kinaonyesha kitu kingine, ndege ikageuka upande bila yeye kujua. Pale petu tungesema uzembe wa rubani, Mungu amlaze mahali pema. Wao walitoa mapendekezo yanayochosha kusoma: chumba cha kuongozea safari kiwekewe kipimo cha kuonyesha ndege imeelekea wapi, ili aliye chini aone asichokiona aliye juu, na marubani wapimwe kama masikio yao ya ndani yana tatizo la kizunguzungu. Vitu viwili vidogo, vyenye mwenye kuvifanya.

Utaniuliza, mwananchi wa Gongo la Mboto ambaye ndege anaziona kwa chini tu, hili linamhusu nini. Linamhusu kwa sababu kila kipya cha angani kimepita kwetu mapema kuliko tunavyokumbuka. Ndege ya kwanza ya jeti kubeba abiria kwa ratiba, Comet ya Uingereza, tarehe 2 Mei 1952, haikwenda New York. Ilikwenda Johannesburg, kupitia Roma, Beirut, Khartoum, Entebbe na Livingstone. Miaka miwili baadaye Comet mbili zilivunjika angani karibu na Italia, moja Januari 1954, nyingine Aprili. Wachunguzi wa Farnborough, huko Uingereza, wakalitumbukiza bodi zima la Comet kwenye tangi la maji, wakalijaza na kulipunguza shinikizo mchana na usiku kama vile linapaa na kutua, mpaka likapasuka kwenye kona ya tundu. Chuma kilikuwa kimechoka.

Na kiwanda kilikuwa kimeshajaribu bodi kabla ya kuuza! Kosa lilikuwa kwamba bodi lile la majaribio walilibana kwanza kwa shinikizo kubwa kuliko la kawaida, na kubanwa huko kukalikomaza pale kwenye kona. Likadumu muda mrefu kuliko ndege zilizobeba watu. Ni sawa na kumpa mtahiniwa maswali wiki moja kabla, halafu ukatangaza shule imefaulisha.

Halafu kuna 737 MAX ya Boeing. Ndege hii haina kasi yoyote ya kutisha. Inakwenda kama jeti nyingine. Ila ilitengenezwa kwa haraka, Airbus ikiwa imeshatangulia sokoni na A320neo. Wakaweka programu ya kusukuma pua chini, wakaifunga kwenye kihisio kimoja tu kati ya viwili vilivyokuwepo, wasiwaeleze marubani kwamba ipo. Oktoba 2018 wakafa watu 189 Indonesia. Wakaanza kusikika wanaosema marubani wa nchi hizi hawajafunzwa vizuri. Tarehe 10 Machi 2019 ikaanguka ya Ethiopian iliyokuwa inatoka Addis kwenda Nairobi, watu 157, Wakenya 32 miongoni mwao. Ndipo ndege zote zikasimamishwa. Leo Air Tanzania inazo 737 MAX 9, zilizonunuliwa baada ya marekebisho, na mimi napanda bila wasiwasi wa pekee. Lakini nani asiyeona kwamba kati ya ajali ya kwanza na ya pili kulikuwa na miezi zaidi ya minne ya kuzoea?

Ndiyo maana sikuungana na waliocheka Airbus A220 za Air Tanzania ziliposimama chini kwa matatizo ya injini zake, matatizo yaliyowakumba wengi duniani. Kejeli zilikuwa nyingi: tumenunua mapambo, tumenunua vibanda vya kuku. Hasara ipo, na waliotia saini mikataba waulizwe. Ila ndege yenye injini ya mashaka, mahali pake ni chini.

Sikuungana pia na waliojibu kwa hasira Umoja wa Ulaya ulipoiweka Air Tanzania kwenye orodha ya marufuku Desemba 2024, kisha Juni 2025 ikapanuliwa kwa mashirika yote yenye vyeti vya Tanzania. "Kwani tulikuwa tunaruka Ulaya?" Hapana, lakini tulikuwa tunaruka Mwanza, Mbeya na Mtwara, na mwili wa Mtanzania hauna nyama ngumu kuliko wa Mbelgiji. Sababu zilizotajwa zilikuwa upungufu wa wataalamu wenye sifa na udhaifu katika kusimamia uendeshaji na ubora wa ndege. Yaani wakaguzi. Ndege mpya ikitua hapa tunaipokea kwa viongozi, vikundi vya ngoma na magari ya zimamoto yanayoimwagia maji. Sijawahi kusikia mkaguzi mpya wa Mamlaka ya Usafiri wa Anga amepokewa hata kwa soda.

Na kuna Bukoba. Tarehe 6 Novemba 2022, ATR ya Precision Air iliyotoka Dar ilitumbukia Ziwa Victoria ikikaribia kutua. Watu 43, wakafa 19. Waliofika wa kwanza ni wavuvi na mitumbwi yao. Mkataba wa kimataifa unaoongoza uchunguzi wa ajali za ndege unasema wazi kwamba lengo si kumtafuta wa kulaumiwa, ni kuzuia nyingine. Sasa, ripoti za aina hii huandikwa Kiingereza cha wahandisi, na kwa wahandisi ni sawa. Lakini mvuvi aliyevuta kamba siku ile naye ni sehemu ya mfumo wa uokoaji, apende asipende. Anastahili kusoma kwa Kiswahili mlango wa ATR unafunguliwaje kwa nje, kamba ifungwe wapi isifungwe wapi, na nani alipaswa kuwa pale kabla yake. Kurasa nne zingetosha, zikabandikwa kwenye kila mwalo wa karibu na uwanja wa ndege.

Saa nne kasoro dakika kumi dada wa getini akashika kipaza sauti, akafungua mdomo, halafu akakiweka chini. Nadhani alichoka na radhi. Akatujia pale tulipokaa. "Jamani, ni kihisio cha joto la breki, gurudumu la kushoto. Wameshabadilisha. Sasa hivi wanajaza fomu, wakisaini tunaingia."

Yule jamaa wa simu akainua kichwa. "Fomu tu?"

"Fomu tu, kaka."

Mama wa boksi akaanza kukaza kamba yake. Tuliingia saa nne na dakika ishirini na tano.